Tekla na Watu wa Choo

Kwanza tuelewane. Tekla ni Mchaga wa Rombo, na mie Editha ni Mpare wa Same. Wachaga na Wapare ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo mkinisikia namsifu mahali popote humu, mjue imenibidi. Meza yake ya ndizi na meza yangu ya mchele na dagaa zimegusana miaka yote hii hapa sokoni Kwa Fundi Baiskeli, Mtoni, na haipiti siku hajaniambia kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Namjibu kwamba Mchaga ukitaka kujua kama amekufa kweli, angusha sarafu karibu na sikio lake. Wateja wageni wanadhani tunataka kushikana mashati. Waliotuzoea wanaendelea kuchagua ndizi zao.

Alfajiri yeye huwa yuko Mabibo, kwenye lile soko wanaloliita Mahakama ya Ndizi. Mie ndiye nasingiziwa kupenda kesi, kumbe anayeamkia mahakamani ni yeye! Anarudi na mikungu yake kwenye kirikuu, amekaa mbele na dereva, anamfundisha kuendesha gari ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuliendesha. Ndivyo alivyo. Mwanamke mfupi, sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi, na akishika jambo haliachi mpaka liombe msamaha.

Mumewe alikuwa karani bandarini. Alifariki watoto bado wadogo, na msiba ule aliubeba mdogo wa marehemu, Gaudens, toka Dar mpaka Rombo. Gaudens huyo huyo akawasomesha watoto. Ana duka la vifaa vya ujenzi Barabara ya Kilwa, ana gari, na ana roho nzuri. Hilo la roho nzuri nalisema mapema, maana huko mbele nitamsema vibaya na sitaki mniambie namwonea.

Sasa vyama. Vyama vya kweli sivitaji, maana mtaani kwetu ukitaja chama kwa jina lake unaulizwa umetumwa na nani. Tuseme kimoja ni Kinu na kingine ni Taa. Tekla ni Kinu wa kuzaliwa. Alikuwa mjumbe wa shina, bendera inapepea juu ya kibaraza chake, na mikutano ya tawi alikuwaga wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza. Mie sina chama. Mie nina dagaa.

Basi shida yetu ilikuwa hii: soko halikuwa na choo. Msicheke. Soko zima, wanawake kwa wanaume, toka jogoo la kwanza mpaka taa za jioni, hakuna choo! Wanaume wana kuta za watu, Mungu awasamehe. Sie tulikuwa na choo cha baa iliyo ng'ambo ya barabara, ambacho mwenye baa akiamka vizuri anafungua, akiamka na hasira zake hafungui. Tulikuwa pia na nyumba za majirani, mpaka majirani wakachoka na kuanza kufunga mageti wakituona tunakuja tunatembea harakaharaka. Mwisho dawa ikabaki moja: usinywe maji. Tekla juani kutwa nzima alikuwa anakunywa kama kifaranga, tone, halafu anaangalia juu.

Siku moja akaanguka juu ya ndizi zake. Nikamchukua hadi zahanati, na daktari, kijana mdogo tu, akamwamkia vizuri, shikamoo mama, akasoma majibu ya vipimo na kutikisa kichwa.

"Mama, hii yutiai ya njia ya mkojo umeugua mara ngapi? Safari hii imepanda kwenye figo. Unywe maji mengi, na ukibanwa uende saa hiyohiyo. Kama huko uliko haiwezekani, acha hiyo biashara, mama yangu. Figo hazina spea sokoni."

Tekla alicheka mpaka mlangoni. Tulipofika nje akakaa kwenye benchi akalia, na mie kumwona analia nikakosa hata utani wa kumtupia. Binti yake Loveness ameolewa Moshi, na jioni ile ile akapiga simu: mama, funga biashara, njoo ukae na sisi.

"Nikakae Moshi nifanye nini?" Tekla akaniuliza. "Nimtazame mkwe wangu anavyotafuna?"

Basi jambo likawa wazi kama mchana. Ama choo kipatikane, ama Tekla aondoke. Na mie nikawaza meza ile pembeni yangu akija kukaa mtu mwingine, mstaarabu, asiyejua hata kutukana. Sikulipenda wazo hilo hata kidogo.

Ndipo akaanzisha kikundi. Kina jina refu la kiserikali lenye maneno afya na usafi na maendeleo, lakini hakuna aliyelitumia. Mtaa mzima ulituita Watu wa Choo. Ukipita, watoto wanasema, shikamoo mama wa choo. Tulikuwa Kinu, tulikuwa Taa, tulikuwa wasio na lolote kama mie. Monica wa uji alikuwa Taa wa kufa na kupona. Vaileth wa samaki wa kukaanga alikuwa Kinu. Anwar wa nazi, mwanamume pekee aliyeona aibu ya zile kuta, akawa katibu wetu. Tulichoomba ni kimoja: nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa kuna kiwanja kidogo kimejaa mabati chakavu. Tupewe hicho, nguvu za kujenga tunazo wenyewe. Mwenyekiti aliyekuwepo alitujibu kila tulipokwenda kwamba suala linashughulikiwa. Likashughulikiwa mpaka muda wake ukaisha.

Ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Kinu wakamsimamisha nani? Gaudens, shemeji yake Tekla. Taa wakamsimamisha Nassibu, fundi wa masofa, jitu kubwa lenye mdomo mwepesi, linalotengeneza makochi karakana ya jirani. Na Vaileth wetu wa samaki naye akachukua fomu ya ujumbe wa serikali ya mtaa kwa tiketi ya Kinu. Wote wawili, Gaudens na Nassibu, walipopita sokoni walisema choo ni kipaumbele namba moja. Kwa wauza mkaa walisema kipaumbele namba moja ni barabara. Kwa bodaboda, taa za mtaani.

Tukakaa kikao cha kwanza, kwenye darasa la chekechea, tumekunja magoti kwenye viti vya watoto. Wengine wakataka tuwaite wagombea tuwaulize maswali.

"Maswali ya nini?" Tekla akasema. "Mgombea ukimuuliza swali ndio umemfurahisha. Kujibu ndiyo kazi yake. Sie tuwaalike waje kushinda sokoni kutwa nzima, wauze na sisi. Halafu tuwakaribishe."

"Tuwakaribishe nini?" akauliza Monica.

"Uji wako. Chai. Supu. Madafu. Mtindi. Kila meza kikombe chake."

Halafu Vaileth akaanza kucheka, likafuata darasa zima, mpaka kiti cha Anwar kikavunjika mguu. Maana nyie mnajua na mie najua: mgombea hakatai kikombe. Akikataa, jioni ile ile habari imezunguka kwamba anatuona wachafu, au anaogopa kurogwa, au bado hajapata kura ameshaanza kuringa. Hakuna mgombea wa mtaa anayeweza kukwepa kikombe cha mpiga kura na akalala usingizi. Tukakubaliana vikombe viwe sawa kwa wote wawili, asionewe mtu wala asipendelewe shemeji.

Wakaja, na kila mmoja ameleta mtu wa kumpiga picha. Gaudens kavaa shati jeupe limenyooshwa, tukamweka kwangu auze mchele. Nassibu tukamweka kwa Tekla, kwenye ndizi. Hilo lilikuwa shauri la Tekla mwenyewe, asije mtu akasema amempunguzia shemeji yake vikombe.

Asubuhi ilikuwa sherehe. Uji wa Monica, bakuli mbili mbili. Chai ya tangawizi. Supu ya Vaileth ya vichwa vya samaki. Anwar akapasua madafu. "Karibu mheshimiwa, usituangushe!" Wakanywa, wakasifia, wakapigwa picha wamekenua. Jua likapanda. Mtindi. Juisi ya miwa. Chai tena.

Nikamwona Gaudens anaanza kupima mchele bila kuangalia mizani. Mara akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni, akasema kwa sauti ya watu wazima, "Naam? Kikao cha dharura? Nakuja sasa hivi." Jamani, mie nilikuwa bega kwa bega naye. Ile simu haikulia, haikutetema, hata kioo hakikuwaka. Akaingia kwenye gari, akaenda kwake, na baada ya muda akarudi uso umetakata kama mtu aliyetoka kuungama.

"Kikao kimekwendaje, Mchaga?" nikamuuliza.

"Kizuri," akasema. "Kilikuwa kifupi."

Nassibu hakuwa na gari. Nassibu alikuwa na ndizi za Tekla na foleni ya wateja. Yule mtu wa maneno akawa hasemi. Akaanza kuhamisha uzito mguu huu, mguu ule. Mama mmoja akamuuliza mkono wa ndizi bei gani, akajibu, "Chukua tu." Tekla akamkaripia kwamba ndizi zina mwenyewe. Jasho linamtoka mpaka kwenye kope. Mwisho akapanda juu ya kreti la soda, mikono juu kama mtu anayejisalimisha, akapiga kelele:

"Jamani eeh! Nimeshindwa! Choo kiko wapi?"

Soko zima likamgeukia. Tekla akaweka kisu chake chini, akajifuta mikono, akamtazama.

"Ndicho tunachokuuliza wewe, mwanangu."

Mie nilikaa chini. Kucheka kulinikata miguu. Nassibu alishuka mbio, akaenda baa, baa imefungwa. Tukamwona anagonga geti la kwanza, la pili, anapotea kona. Aliporudi alikuwa amevaa msuli wa kuazima, suruali ameikunja kwapani, na maelezo hakutoa. Tulidhani amekasirika. Akarudi palepale kwenye ndizi.

"Nyie wanawake mna roho mbaya," akasema. "Na nyie mnaishi hivi kila siku?"

"Kila siku," akasema Tekla.

"Mama, hata kama sichaguliwi, milango nitatengeneza mimi."

Jumapili baada ya kanisa tukarudi kwenye viti vya chekechea kuamua. Hapo ndipo moto ulipowaka, maana kucheka ni kitu kimoja na kutoa tamko ni kitu kingine. Anwar alisimama kwanza.

"Mie nasema kikundi kisimuunge mkono mtu. Choo hakina adui mtaani hapa, hata wakorofi wanakitaka. Siku tukimtaja mgombea, nusu ya mtaa inageuka adui. Na tukimtaja atakayeshindwa? Atakayeshinda atatuangalia kwa jicho gani?"

Alikuwa na hoja. Hata mie nilitikisa kichwa kukubali. Monica akarukia.

"Tusipomtaja mtu wataendelea kutuahidi wote na kutunyima wote! Tuseme Taa, juu mpaka chini, tumalize."

"Wewe unataka choo au unataka Taa?" Vaileth akamuuliza, wakaanza kurushiana maneno ambayo chekechea haijawahi kuyasikia.

Tekla alikuwa kimya. Hilo lenyewe lilitosha kututisha. Nilijua kinachomsumbua. Yule aliyetoroka na simu isiyolia ndiye aliyeshika jeneza la mumewe. Alipoinuka alishika meza.

"Gaudens ni shemeji yangu na nampenda. Akiumwa nitamuuguza, akifa kabla yangu nitamlilia mpaka nizimie. Lakini Gaudens ana choo kwake, na alikwenda. Nassibu hana pa kwenda kama sie. Kwa uenyekiti mie nasema Nassibu, wa Taa. Kwa ujumbe nasema Vaileth, wa Kinu, maana anakaanga samaki akiwa amebana kama mimi. Anayetaka kuangalia bendera aangalie. Mie naangalia nani amebanwa."

Tukapiga kura kwa mikono. Anwar akashindwa, na kwa uungwana akaandika tamko mwenyewe. Monica alikubali Nassibu, ila Vaileth akamkwama kooni. Akachukua pochi yake akaondoka kwenye kikundi, na uji akauhamishia upande wa pili wa soko. Kesho yake tukaazima kipaza sauti cha muuza mitumba, Tekla akatangaza majina mawili, kutoka vyama viwili, katikati ya "mia tano, mia tano, blauzi za Ulaya."

Mtaa ulipinduka. Taa wakafurahi kwa Nassibu wakakasirika kwa Vaileth. Kinu wakafurahi kwa Vaileth, halafu wakamkumbuka Nassibu. Tawi likamwita Tekla. Mie nilimsindikiza, nikakaa dirishani nisikie vizuri. Wazee wa tawi wakamuuliza, wewe mjumbe wa shina, unampigia debe mpinzani, kadi yako ina kazi gani?

"Wazee wangu, kadi yangu ipo na naipenda," akasema. "Ila kibofu hakina kadi ya chama."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwingine, mkali, akasema basi ujumbe wa shina ameuvuliwa tangu leo, na bendera wataifuata nyumbani kwake. "Karibuni sana," Tekla akawajibu. "Mkija nitawapikia chai." Siku zikapita, hakuna aliyekuja kuifuata. Nadhani habari za chai yetu walikuwa wamezisikia.

Ila usiku wa siku ile, na hili aliniambia baadaye, hakula. Gaudens hakupiga simu. Wala kesho yake. Yule mtu tangu kaka yake afe alikuwa anapiga simu kila Jumapili.

Uchaguzi ukafika, tukapanga foleni, tukapiga kura. Vaileth akapita kwa kishindo, mpaka watu wa Taa walimpigia. Na uenyekiti? Gaudens. Kura za kuzidi zilikuwa chache kiasi kwamba wangekaa nyumbani wapwa zake peke yao angeanguka, lakini kushinda ni kushinda. Magari yakapita yanapiga honi. Nassibu akaja sokoni akatuambia asanteni mama zangu, akanunua ndizi, akaenda zake kwenye makochi. Tekla akakaa juu ya kreti ameshika tama.

"Nilisema," Anwar akaanza, halafu akamwangalia usoni, akaacha. Akampasulia dafu. Tekla akalishika tu mkononi bila kulinywa. Loveness alikuwa ameshatuma ujumbe: mama, nimekuandalia chumba.

Hapo nikapandwa na hasira. Hasira za Kipare, zile zenye wakili. Nikamwambia, simama, twende kwa shemeji yako. Akasema hawezi, atamtazamaje usoni? Shemeji wa namna ile, aliyekutunza, hufiki kwake ukaanza kudai, adabu haikuruhusu. Nikamwambia wewe kaa kimya na adabu yako. Mie ni mtani wake. Mtani anasema lolote, na anayekasirikia utani ndiye mwenye makosa.

Tukamkuta sebuleni. Mkewe akatupokea vizuri, shikamoo mama, shikamoo mama, karibuni. Gaudens akamwitikia Tekla bila kumtazama. Mie akanitazama.

"Mpare, umekuja na wakili au peke yako?"

"Nimekuja na shahidi," nikasema. "Shahidi ni kibofu chako. Wewe Mchaga siku ile ulitoroka mchele wangu ukaja kukojoa hapa kwako, ukadanganya watu kwamba ni kikao cha dharura. Kikao gani mtu anaingia peke yake na kufunga mlango?"

Mkewe, aliyekuwa ameshika trei ya soda, aliangua kicheko mpaka chupa zikagongana. Inaelekea siku ile alimwona anavyoingia. Gaudens alijaribu kununa. Alijaribu kweli, nawaambieni. Lakini ni mtani wangu, na mdomo ukaanza kumcheza, akacheka mpaka akavua miwani. Halafu kicheko kikaisha, na akabaki ameishika ile miwani mkononi.

"Shemeji," akamwambia Tekla, "ulinikana mbele ya watu."

"Nilikukana uenyekiti. Ushemeji sikuugusa."

"Ningeshindwa je?"

"Ningekuja hapahapa kukupa pole, na ningepika." Tekla akamsogelea. "Gaudens, daktari ameniambia figo zinaharibika. Nikibaki sokoni bila choo nakufa, nikiondoka sokoni nakufa polepole. Wewe ulinizikia mume. Sikutaka uje kunizika na mimi kwa sababu ya choo, halafu nikiwa nimekupigia kura kwa kukuonea haya."

Gaudens hakuwa anajua habari za figo. Nani angemwambia? Mwanamke hamwambii shemeji yake mambo ya mkojo. Miaka yote Tekla anaongea kuhusu choo, yule bwana alidhani ni maendeleo, kama barabara na taa za mtaani. Akainama akafunika uso, na mkewe akaweka trei chini akaenda kukaa karibu na Tekla.

Sasa msidhani kiwanja kilipatikana kwa machozi. Gaudens alitaka, lakini wazee wa tawi walikuwa wanamkaba: usiwape wale, walimpigia Taa, waache wajifunze. Ndipo Vaileth aliposimama kwenye kikao cha kwanza cha serikali ya mtaa. Ni Kinu, ni mwenzao, hawakuweza kumwita mpinzani. Akawaambia, "Mie nimeingia humu kwa kura za Watu wa Choo, wa Kinu na wa Taa. Mkininyima kiwanja narudije sokoni? Na uchaguzi ujao mnadhani watamtaja nani?" Wajumbe wa Taa wakasema ndiyo. Gaudens akazikumbuka zile kura zake chache, akasema ndiyo. Kiwanja kikapita. Anwar, aliyekwenda kusikiliza na kutuandikia kama katibu wetu, alikuja kunikiria kwamba tungetaja Taa juu mpaka chini tusingekuwa na mtu wa kusimama mle ndani, na tusingetaja mtu yeyote wangetuambia linashughulikiwa. Ila bado anasema ilikuwa bahati, na uchaguzi ujao atapinga tena. Mwache apinge, kikundi kinamhitaji mtu wa hivyo.

Mabati chakavu yakaondolewa. Gaudens akaleta saruji kutoka dukani kwake, tofali tukazisogeza kwa vichwa. Nassibu, aliyeshindwa, akaja na milango kama alivyosema, milango mizito kama ya benki. Ukazuka ugomvi wa rangi: vijana wa Kinu wanataka yao, vijana wa Taa wanataka yao. Mwalimu wa chekechea akasema ana rangi ya waridi iliyobaki ya darasa, na ndiyo ilitosha. Kwa hiyo ukija Mtoni ukaona choo cha waridi, karibu, ni chetu.

Siku ya kufungua hatukumwita mkubwa yeyote. Gaudens alisimama huku, Nassibu huku, wanataniana. Vaileth kavaa kitenge kipya. Hata Monica alikuja, akasimama nyuma kabisa akijidai anapita njia. Watu wakauliza nani aingie wa kwanza, na hakukuwa na haja ya kupiga kura. Tekla akachukua kopo la maji, akatupungia mkono kama bibi harusi, akaingia, akafunga. Tukapiga vigelegele.

Tukangoja. Vigelegele vikaisha. Tukangoja tena. Vaileth akanitazama, mie nikamtazama Gaudens. Kule ndani kimya. Nikaingiwa na hofu, nikaenda nikagonga ule mlango wa Nassibu.

"Tekla! We Mchaga! Umekufa humo?"

Nikasikia anapenga kamasi. Nikajua analia. Halafu ikatoka ile sauti yake kubwa, mpaka wa mwisho kabisa kwenye foleni alisikia.

"Niacheni, jamani. Leo sina haraka."